Ukuta Ukiegama, Nani Adaiwe?

Tarehe 30 Aprili 2014, baada ya mvua kubwa, mtu mmoja katika jiji la Baltimore, Marekani, aliuelekezea simu Mtaa wa 26 Mashariki akaanza kurekodi. Magari yalikuwa yameegeshwa kwa mstari kando ya barabara kama kawaida. Ghafla ardhi ikakatika. Njia ya miguu, nguzo za taa na magari yaliyokuwa upande ule vikashuka kwa pamoja, vikaporomokea kwenye reli iliyopita chini. Kilichokuwa kimeubeba mtaa ule ni ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, wenye umri wa zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyekufa wala kujeruhiwa, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini wakazi walikuwa wameshalalamika kabla ya siku ile kwamba barabara yao inatitia.

Kwa Waswahili, jambo kama hilo lina maneno yake tayari: ajali haina kinga. Maneno hayo hutamkwa msibani kwa nia njema, kumpoza aliyefiwa. Tatizo ni kwamba hutamkwa pia mahali pasipostahili, pale ambapo kinga ilikuwepo na hakuna aliyeishika. Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo wanachuoni wa dini wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka elfu moja: ukuta ukianguka na kuua, ni kudra ya Mungu, au kuna mtu anadaiwa? Na siku hizi swali hilo limepata mgeni, mashine ndogo inayosimama juu ya miguu mitatu na kuutazama ukuta kwa mwanga wa leza.

Ukuta wa kuzuia udongo si sawa na ukuta wa nyumba. Ukuta wa nyumba hubeba mzigo unaotoka juu. Huu husukumwa kwa ubavu, usiku na mchana, tangu siku udongo ulipojazwa nyuma yake. Udongo mkavu husukuma kwa kiasi. Ukilowa na maji yakakosa pa kutokea, mambo hubadilika. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na maji hayana msuguano wa kuyazuia kama ulivyo mchanga. Yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 6, kila mita moja ya mraba karibu na msingi hupokea msukumo wa tani zipatazo 6 juu ya ule wa udongo. Ndiyo maana fundi mzuri huacha matundu ya kutolea maji kwenye uso wa ukuta, na ndiyo maana tundu lililozibwa na matope au mizizi ni jambo la kutia hofu hata kama ukuta wenyewe unaonekana mzima.

Mjini Hong Kong, tarehe 23 Julai 1994, ukuta wa zamani wa mawe katika makazi ya Kwun Lung Lau ulianguka na kuua watu 5. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yalikuwa yakivuja kutoka mifereji iliyozikwa ardhini nyuma yake, na kwamba ukuta ulikuwa mwembamba kuliko ulivyodhaniwa. Uso wake ulikuwa wa mawe imara. Ubaya ulikuwa nyuma, mahali jicho halifiki.

Mafundi wanajua kwamba ukuta wa namna hii mara nyingi huwa hauanguki ghafla kama watu wanavyosimulia. Kwanza huegama kidogo, au hutoa tumbo. Nabii Isaya, katika sura ya 30, anaifananisha dhambi ya taifa na ufa katika ukuta mrefu uliotoa tumbo, ambao mwisho wake huja mara moja. Aliyeyasema hayo alikuwa ameuona ukuta wa namna hiyo kwa macho yake. Mhandisi wa leo hana la kumsahihisha. Na nabii Amosi, katika sura ya 7, anamwona Bwana amesimama kando ya ukuta ameshika timazi mkononi. Uzi na kipande cha risasi: kwa maelfu ya miaka hicho ndicho kilichokuwa chombo cha kuujua ukweli wa ukuta.

Timazi lina kasoro moja. Linasema kweli ya mahali pale tu linaponing'inizwa.

Skana ya leza inafanya kazi kwa namna nyingine. Mpimaji huisimamisha mita kadhaa mbele ya ukuta, akabandika shabaha zake, vibao vya rangi nyeupe na nyeusi, mahali ambapo ana hakika hapasogei: mwamba, jengo lenye msingi wa kina, nguzo iliyochimbiwa mbali na udongo unaosukuma. Kichwa cha mashine huanza kuzunguka polepole, na kioo kilicho ndani yake huzunguka kwa kasi kubwa, kikirusha mwanga juu chini. Katika aina moja ya skana, mashine hupima muda ambao mwanga umetumia kwenda na kurudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya milimita 1 ya umbali ni tofauti ya muda wa takriban sehemu 7 za trilioni ya sekunde. Baadhi ya mashine za kisasa hukusanya nukta milioni moja au zaidi kwa sekunde. Baada ya dakika chache ukuta mzima umo ndani ya kompyuta kama wingu la nukta, kila jiwe na kila ufa, kila nukta na mahali pake.

Wingu la kwanza peke yake halisemi kitu kuhusu mwendo. Mpimaji anarudi baada ya mwezi, au baada ya masika, anapima tena, kisha analaza wingu la pili juu ya la kwanza. Programu hupaka rangi: kijani mahali palipotulia, njano palipoanza kusogea, nyekundu palipotoka nje zaidi. Ukuta ambao mpita njia anauona umenyooka kama jana unaweza kuonyesha doa jekundu katikati, kiuno chake kimetoka milimita 8. Tumbo lile la Isaya, kabla halijaonekana kwa macho.

Inafaa kusema pia kile ambacho mashine haiwezi. Haioni nyuma ya ukuta. Maji ya Kwun Lung Lau yasingeonekana kwenye wingu la nukta, labda tu matokeo yake. Majani yanayotambaa juu ya mawe huichanganya, mawe yaliyolowa hurudisha mwanga vibaya, na joto la mchana huvimbisha zege kiasi cha kutosha kumdanganya mpimaji mwenye haraka. Kila kipimo kina kosa lake, na makosa ya vipimo viwili hujumlishwa. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichapisha njia ya kulinganisha mawingu mawili, waliyoijaribu kwenye korongo la mto Rangitikei huko New Zealand, ambayo kwa kila mahali hutaja umbali uliosogea pamoja na kiwango ambacho chini yake mtu hana haki ya kusema kuna mwendo. Hakika yake ni asilimia 95. Kuna uadilifu mkubwa katika hesabu hiyo. Mashine inayosema sijui pale isipojua inastahili kuaminiwa inaposema najua.

Sasa turudi kwa wanachuoni. Katika kitabu cha Al-Hidaya cha Burhanuddin al-Marghinani, faqihi wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1197, upo mlango mzima, ndani ya hukumu za diya, yaani fidia ya damu, unaohusu ukuta ulioegama. Hukumu yake ni hii: ukuta ukiegama upande wa njia ya watu, mwenyewe akaitwa auvunje na watu wakashuhudia kwamba ameitwa, kisha akaacha upite muda ambao angeweza kuuvunja, ukaanguka, atalipa kilichoangamia, iwe roho au mali. Asipoitwa, halipi. Marghinani anakiri kwamba kwa kanuni ya kawaida mtu huyu asingelipa kabisa, kwa kuwa hakufanya kitu. Kuegama si kitendo chake. Anamfananisha na mtu ambaye nguo ya mwenzake imemwangukia mapajani. Hana kosa kwa nguo kumfikia. Ataingia kosani siku atakapodaiwa aitoe akakataa.

Na nani ana haki ya kumwita mwenye ukuta? Hapa faqihi anasema jambo la kuheshimiwa sana. Ukuta ukielekea njia ya umma, mtu yeyote anaweza kumwita, Mwislamu au asiye Mwislamu, kwa sababu watu wote ni washirika katika kupita. Si lazima awe fundi, wala kadhi, wala jirani wa karibu. Anatosha awe mpita njia.

Hukumu hiyo haikufia vitabuni. Iliingia katika Mecelle, mkusanyiko wa sheria za dola ya Uthmaniya uliotungwa kati ya 1869 na 1876, katika kifungu cha 928. Lakini pwani ya Afrika Mashariki ni ya madhehebu ya Shafii, na Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika darsa za pwani hii, kina msimamo mwingine. Aliyejenga ukuta ukiwa umeegama tangu mwanzo analipa. Aliyejenga ukiwa umenyooka, ukaegama baadaye na kuanguka, halipi. Kisha Nawawi anaongeza, kwa ufupi wake unaojulikana, kwamba ipo kauli nyingine: kama aliweza kuubomoa au kuutengeneza, atalipa. Kauli hiyo ya pili imekaa pale karne nyingi kama mgeni aliyekaribishwa ukumbini bila kupewa kiti.

Wakati umefika apewe kiti. Kauli ya kwanza ina mantiki yake katika dunia ambamo kuegama kulikuwa siri ya ukuta. Nani angemlaumu mwenye nyumba kwa kitu ambacho jicho lake halikukiona? Lakini siri hiyo leo inapimika. Kilichokuwa kwa Hanafi sauti ya mpita njia, leo kinaweza kuwa ripoti yenye tarehe na milimita. Mwaka 2005 ukuta wa makazi ya Castle Village mjini New York, wenye urefu wa zaidi ya mita 20, ulimwagikia barabara kuu. Mwaka 2008 jiji hilo likapitisha sheria kwamba kuta za kuzuia udongo zenye futi 10 au zaidi, zinazoelekea njia ya umma, zikaguliwe kila baada ya miaka 5. Huko sheria yenyewe ndiyo inayomwita mwenye ukuta, hata kama wapita njia wote wamenyamaza.

Wapo waumini wanaoona haya yote ni kupunguza tawakali: mtu aliyemwachia Mungu, ana haja gani ya kuhesabu milimita? Jibu la swali hilo liko katika kisa kimoja kilichopokewa na Sheikh Saduq, mwanachuoni wa Kishia wa karne ya 10, katika kitabu chake cha Tawhid. Imam Ali alikuwa chini ya ukuta ulioegama, akaondoka akaenda penye ukuta mwingine. Akaulizwa kama anaikimbia kadha, yaani hukumu, ya Mungu. Akajibu kwamba anaikimbia kadha ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Jibu hilo halimtoi Mungu katika habari za ukuta. Linamweka pande zote mbili: ukuta unaoegama uko katika mpango wake, na macho yanayouona ukiegama, na miguu inayomwondoa mtu pale, vimo humo humo. Skana nayo imo.

Injili ya Luka, sura ya 13, inataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Yesu anakataa kabisa dhana kwamba watu hao walikuwa wakosefu kuliko wengine. Mara nyingi kisa hicho husomwa kama wito wa toba na kuishia hapo. Lakini kina jambo jingine: kinawaondolea waliokufa mzigo wa kuelezewa. Chanzo cha mnara kuanguka hakitafutwi katika dhambi za waliokuwa chini. Basi kitafutwe kwenye mnara. Na Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilikwisha kumwamuru kila anayejenga nyumba mpya azungushie dari ukingo, asije akaleta damu juu ya nyumba yake.

Kisa kikubwa kuliko vyote kiko katika Suratul Kahf. Musa na mwenzake, ambaye wafasiri humwita Khidhr, wanafika mji wenye watu wachoyo waliowanyima chakula. Wanakuta ukuta unaotaka kuanguka. Wafasiri wamejadiliana sana kuhusu neno hilo, vipi ukuta utake. Aliyewahi kutazama wingu la nukta likibadilika rangi mwezi baada ya mwezi hatalishangaa. Khidhr anausimamisha bila ujira, na Musa anashangaa: mji huu wa wachoyo, kazi ya bure? Baadaye anaambiwa kwamba chini ya ukuta kulikuwa na hazina ya mayatima wawili. Khidhr alijua kitu ambacho mayatima wenyewe hawakukijua. Hakuitwa na mtu, hakungoja mashahidi, wala ukuta haukuwa wake. Kujua kulitosha kumpa kazi. Faqihi anauliza mtu anadaiwa kuanzia lini. Khidhr anatangulia mbele ya swali.

Je, anayejua akinyamaza? Katika milima ya kaskazini mwa Italia, juu ya bwawa la Vajont, ubavu wa Mlima Toc ulipimwa ukisogea kwa miaka mitatu. Mwaka 1960 ufa wenye urefu wa karibu kilomita 2 ulijitokeza mlimani. Siku za mwisho mlima ulikuwa ukishuka zaidi ya sentimita 20 kwa siku, na namba hizo ziliandikwa. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 zaidi ya mita za ujazo milioni 250 za mwamba zikaporomokea bwawani. Ukuta wa bwawa, wenye urefu wa mita 261, ulibaki umesimama. Maji yaliruka juu yake yakaufuta mji wa Longarone na vijiji vya jirani. Watu wapatao 2,000 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Hawakukosa bahati hao. Walikosa habari zilizokuwa katika daftari za wengine.

Mwaka 1985 mtafiti wa Japani, Fukuzono, alionyesha kwa majaribio ya udongo na mvua ya kutengenezwa kwamba kasi ya udongo unaokaribia kuanguka huongezeka kwa utaratibu unaoweza kuchorwa: ukichora kinyume cha kasi hiyo, mstari hushuka kuelekea sifuri, na pale unapoelekea kugusa ndipo wakati wa kuanguka unapokadiriwa. Katika mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, Utah, rada na vipimo vingine vilionyesha ubavu wa shimo ukisogea, wafanyakazi wakaambiwa, na tarehe 10 Aprili 2013 wakaondolewa. Usiku huo ukaanguka mporomoko wa tani zipatazo milioni 150. Hakujeruhiwa hata mtu mmoja. Tofauti ya Vajont na Bingham haiko katika ubora wa vyombo peke yake. Huko Utah namba zilifika kwa watu waliokuwa chini.

Habari hizi zina mlango wake pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 huko Unguja, ilianguka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Mwaka 2012 sehemu nyingine ya jumba hilo ilikuwa imeshaanguka. Kwa upande mwingine, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamekwisha kupimwa kwa leza na wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Nia yao ilikuwa kuhifadhi kumbukumbu, lakini wingu la nukta walilokusanya ni kipimo cha kwanza. Atakayerudi na skana leo ataweza kujua ni kuta zipi zimesogea na kwa kiasi gani. Chombo kimeshafika. Kinachobaki ni kurudi kupima, na kusema.

Kwa hiyo anayeishi au kufanya kazi chini ya ukuta wa kuzuia udongo asingoje mashine. Masika yakianza, atazame matundu ya kutolea maji: mvua inaponyesha, yanatoa maji au yamekauka? Amuulize mwenye ukuta, awe mtu, kampuni au serikali, ni lini ulipimwa mara ya mwisho na kipimo kilisema nini. Akijibiwa kwamba haujapimwa, aandike barua ya kuomba upimwe, aitie tarehe, ashuhudishe watu wawili, na nakala abaki nayo.